Kila Mtu na Wembe Wake

Wahenga wetu wametuachia methali tatu zilizozaliwa na kunyoa. Ya kwanza yasema, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Ya pili, "Mtoto akililia wembe, mpe." Ya tatu, "Kinyozi hajinyoi." Tumezizoea mno methali hizi, twazitumia katika mambo ya ndoa, ya biashara na ya siasa, hata tumesahau kwamba asili yake ni wembe hasa, na kichwa hasa, na maji hasa. Wiki hii twapenda kuzirudisha mahali zilipozaliwa, tuzungumze juu ya kunyoa kwenyewe: kunyoa kwa wembe mmoja, brashi, sabuni na maji. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna afya ya nyumba nzima, mna tahara, mna kutunza mali, na mna somo ambalo akina baba wengi hawajampa mtoto wao wa kiume.

Kabla hatujaendelea, tubainishe jambo moja. Makala haya hayamwiti mtu kunyoa ndevu zake. Habari ya kufuga ndevu ina mlango wake katika vitabu vya fiqhi, na msimamo wa maulamaa juu yake wajulikana. Lakini hata mwenye ndevu ana shingo na mashavu ya kusafisha, ana kichwa akitaka kunyoa, na ana zile nywele nyingine za mwilini ambazo kuziondoa ni katika mambo ya fitra. Bwana Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Bi Aisha (R.A.), aliyataja mambo kumi ya fitra, na miongoni mwake ni kupunguza masharubu, kuondoa nywele za kwapa na kunyoa kinena. Na Anas bin Malik (R.A.) ameeleza kwamba waliwekewa muda, wasiyaache hayo zaidi ya siku arobaini. Kwa hiyo kila Muislamu aliyebaleghe, mume kwa mke, ana shughuli na wembe. Swali ni namna gani autumie.

Kinyozi alipoanza kujinyoa

Kwa karne nyingi methali ya tatu ilikuwa kweli tupu. Wembe wa zamani ulikuwa chuma kirefu kinachokunjwa ndani ya mpini wake, kinanolewa juu ya kinoo, kisha kinasuguliwa juu ya ukanda wa ngozi. Kuutia shingoni mwako mwenyewe mbele ya kioo kulitaka mkono usiotetemeka na mazoezi ya miaka. Ndiyo maana mtu alikwenda kwa kinyozi, na kinyozi naye alimtafuta kinyozi mwenziwe.

Watu wengi walijaribu kuliondoa tatizo hili. Katika karne ya 18 mfua visu mmoja wa Ufaransa, Jean-Jacques Perret, aliuvika wembe kizuizi cha mti ili usizame katika ngozi. Mwaka 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe, huko New York, walisajili kinyoleo chenye kichwa cha kuikinga ngozi, lakini wembe wake ulikuwa bado wa kunolewa. Aliyegeuza mambo ni Mmarekani King C. Gillette, mchuuzi wa vifuniko vya chupa, aliyepata fikra ya wembe mwembamba wa bati la chuma, wenye makali pande mbili, ambao ukichakaa hunolewi bali hutupwa. Mafundi walimwambia kwamba chuma chembamba kiasi hicho hakiwezi kushika makali. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyetafuta njia ya kukitia ugumu, na kampuni ikaundwa mjini Boston mwaka 1901.

Mwaka 1903, ambao ndio mwaka wa kwanza wa mauzo, waliuza vinyoleo 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata, ambao ndio Gillette alipopewa hati ya kumiliki uvumbuzi wake, vinyoleo vilivyouzwa vilipita 90,000. Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, serikali yake ilinunua vinyoleo milioni 3.5 kwa ajili ya askari, nao waliporudi makwao walikuwa wamekwisha zoea kujinyoa wenyewe. Hapo ndipo kinyozi, na kila mtu pamoja naye, alipoanza kujinyoa.

Kifaa chenyewe ni sahali. Kina mpini, kina kitako chenye meno au ukingo, na kina kifuniko kilichopinda. Wembe hulazwa baina ya kitako na kifuniko, na unapokaza mpini, wembe hupindika kidogo na kuacha ukingo mwembamba tu wa makali upande huu na upande huu. Unene wa wembe wenyewe ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Na jambo la faraja kwa mnunuzi ni kwamba nyembe za makali mawili za kampuni yoyote huingia katika kinyoleo cha aina hiyo cha kampuni yoyote.

Baadaye biashara ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1971 kulitolewa kinyoleo chenye nyembe mbili zilizofungwa pamoja, kisha zikaja tatu, kisha tano. Mwaka 1975 kampuni ya Bic ya Ufaransa ikaleta kinyoleo cha plastiki cha kutupwa chote, mpini na wembe wake. Leo dukani petu hivyo ndivyo vinavyotundikwa mbele, na kile cha chuma lazima ukiulize.

Nywele zetu na vipele vya shingo

Sababu ya kwanza ya kukirudia kinyoleo cha wembe mmoja ni ngozi. Nywele za watu wengi wa pwani yetu, na za Waafrika kwa jumla, hujikunja tangu ndani ya ngozi. Nyembe zilizopangwa mbili au tatu hufanya kazi kwa ujanja: ule wa kwanza huukamata unywele na kuuvuta juu kidogo, na ule wa pili huukata kabla haujarudi. Unywele uliokatwa hivyo hurudi chini ya ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka hakuna neno, kwani zitachomoza tena sawasawa. Kwa mwenye nywele za kujikunja, ncha ile kali huota kwa upande, ikaichoma ngozi kutoka ndani, na mwili ukaipiga vita kama unavyopiga vita mwiba. Hivyo ndivyo vile vipele vya kidevu, vya shingo na vya kisogo, ambavyo huwasha, hutunga usaha, na kwa baadhi ya watu huacha makovu magumu yaliyovimba.

Wembe mmoja hukata unywele usawa wa ngozi bila kuuvuta. Hatusemi kwamba huponya vipele. Twasema kwamba, ukitumiwa kwa upole, hupunguza sababu yake. Mtu ambaye vipele vyake vimeshika moto asinyoe kabisa mpaka vipoe, na vikizidi amwone daktari wa ngozi. Na aliye na maradhi ya kisukari, ambaye vidonda vyake hukawia kupona, au anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, mashine ya umeme ya kupunguza nywele ni salama zaidi kwake kuliko wembe wowote.

Sababu nyingine ni mali. Mara nyingi bei ya pakiti ya nyembe kumi za makali mawili haifiki bei ya kichwa kimoja cha kinyoleo cha nyembe tano. Mtu abadilishaye wembe kila wiki atatumia nyembe 52 kwa mwaka mzima, yaani pakiti sita. Kinyoleo cha chuma kikitunzwa hakichakai, na baba aweza kumrithisha mwanawe. Tukumbuke pia kwamba nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 kwa sababu ya madhara yake. Vinyoleo vya plastiki havikuguswa na amri ile, navyo twaviona ufuoni maji yakupwapo.

Maji kwanza

Tuirudie methali ya kwanza. Kwa nini wahenga walisema "tia maji"? Kwa sababu walijua kwamba unywele mkavu ni mgumu kama waya, na unywele ulionyonya maji hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo. Yatosha dakika mbili au tatu za maji ya uvuguvugu, na wakati bora wa kunyoa ni mara tu baada ya kuoga.

Hapa kwetu kuna jambo la kuangalia. Maji ya visima vingi vya mwambao yana chumvi na chokaa, na sabuni haitoi povu katika maji hayo. Hugeuka utando mweupe unaoganda juu ya ngozi na kuuziba wembe. Mwenye nyumba ambaye bombani mwake hutoka maji ya kisima aweke kando kata moja ya maji matamu, au ya mvua, kwa ajili ya kunyolea. Kikombe kimoja chatosha kwa povu, na kingine kwa kusuuzia.

Brashi huchovywa majini, ikakung'utwa, kisha ikazungushwa juu ya sabuni kwa nusu dakika hivi. Halafu huzungushwa kiganjani, kwenye kibakuli au usoni penyewe, kwa kuongeza maji tone kwa tone, mpaka povu liwe zito na laini kama mtindi. Povu jepesi lenye mapovu makubwa, kama la kufulia, halifai: hukauka upesi na haliubebi wembe. Brashi ina kazi tatu: huyanyanyua malaika, huusugua uchafu uliofunga vinyweleo, na huyapeleka maji mpaka kwenye shina la unywele. Povu la mkebe linalofyatuka lenyewe halifanyi kazi hizo.

Tahara ya brashi na sabuni

Hapa lazima tusimame, kwa sababu wauzaji hawalisemi hili na wanunuzi hawaulizi. Brashi za kunyolea ni za aina nne. Kuna za nywele za nguruwe, na ndizo zilizo rahisi na nyingi sokoni. Kuna za nywele za melesi, mnyama wa porini wa nchi za baridi, ambazo husifiwa na huuzwa ghali. Kuna za nywele za farasi, na kuna za nyuzi zilizotengenezwa viwandani.

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo tuyafuatayo wengi wetu katika mwambao huu, nguruwe ni najsi mwili wake wote pamoja na nywele zake. Kuitia majini brashi ya nywele zake, kisha ukajipaka nayo usoni, ni kujitia najsi iliyo nzito. Kadhalika nywele za mnyama aliyekufa bila kuchinjwa kisheria ni najsi kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu haya, na mnunuzi hana njia ya kujua melesi yule alikufa vipi. Twajua kwamba madhehebu mengine yana maneno mapana zaidi juu ya nywele, nasi hatumhukumu mwenye kuyafuata. Lakini mwenye kutaka kutoka katika shaka ana njia nyeupe mbele yake: achukue brashi ya nyuzi za viwandani. Nayo ina faida nyingine, kwani hukauka upesi, na katika hewa yetu ya unyevu brashi isiyokauka huota ukungu.

Muulize muuzaji, na usome karatasi ya kifurushi. Ikiwa haisemi ni nywele za nini, chukua nyingine.

Ama sabuni, ile ngumu ya kunyolea hupikwa kwa mafuta na magadi makali. Mafuta hayo yaweza kuwa ya mawese, ya nazi, ya zeituni, au ya mnyama. Ukisoma kwenye kifurushi maneno "Sodium Tallowate", jua kwamba ni shahamu, aghalabu ya ng'ombe. Na ukisoma "Sodium Lardate", ni mafuta ya nguruwe. Kwa wanavyuoni wa Kihanafi, kitu kilichogeuka kikawa kitu kingine hubadilika hukumu yake, na sabuni wameihesabu katika hayo. Kwa Mashafi'i mlango huo ni mwembamba. Sabuni za mafuta ya mimea zapatikana, basi kwa nini mtu ajitie katika khitilafu kwa jambo aliwezalo kuliepuka? Sabuni ya nazi, ambayo ni mali ya kwetu, hutoa povu upesi, ila hukausha ngozi ikiwa peke yake. Mwenye ngozi kavu ajipake tone la mafuta ya nazi kabla ya povu.

Namna ya kunyoa

Kwanza pitisha kiganja chako usoni na shingoni, uujue mlazo wa nywele. Shavuni aghalabu huelekea chini, lakini shingoni kwa wengi huzunguka au huelekea upande. Kila sehemu inyolewe kufuata mlazo wake.

Wembe ushikwe kwa ncha zake fupi zisizo na makali. Uutie katika kinyoleo, ukaze, uhakikishe kwamba umekaa sawa pande zote mbili. Kilaze kichwa cha kinyoleo shavuni, kisha ushushe mpini polepole mpaka uhisi makali yanagusa; mwinamo wa wembe na ngozi utakuwa kama nyuzi 30. Usikandamize. Hili ndilo kosa la watu waliozoea vinyoleo vya plastiki, ambavyo ni vyepesi na hutaka kusukumwa. Kinyoleo cha chuma kina uzito wake, na uzito huo ndio unaonyoa. Mkono ni wa kuongoza tu. Vuta hatua fupi fupi, usuuze wembe mara kwa mara, na ngozi uivute kwa mkono wa pili ipate kunyooka.

Mahali palipobaki nywele, usipapitie pakavu. Paka povu tena, kisha pitia kwa upande. Mwenye nywele za kujikunja aishie hapo. Akitaka kunyoa kinyume cha mlazo ili uso uwe kama wa mtoto, atavinunua vipele kwa mkono wake.

Ukimaliza, jisuuze kwa maji baridi. Kisha chukua kipande cha shabu, ukiloweshe na ukipitishe usoni. Wazee wetu waliijua shabu kabla ya manukato haya ya dukani: huzuia damu ya mikato midogo na huikaza ngozi. Ikikauka, isuuze, ujipake mafuta kidogo ukipenda. Manukato ya baada ya kunyoa yenye spiriti huunguza ngozi iliyotoka kunyolewa, na hukumu ya spiriti hiyo ina maneno baina ya wanavyuoni. Marashi ya waridi yatosha.

Wembe usuuzwe na ukaushwe, kwa kuwa hewa ya bahari haiuhurumii chuma. Baada ya kunyoa mara tatu hadi tano, ubadilishwe. Wembe unaovuta nywele umekwisha, hata kama kwa macho waonekana mpya.

Watu huuliza pia: je, aliyekatwa na wembe hali ana udhu, udhu wake umetenguka? Katika madhehebu yetu damu ya mkato hautengui udhu, wala kunyoa hakutengui. Damu ioshwe kwa kuwa ni najsi, na kidogo chake kimesamehewa. Saumu nayo haibatiliki kwa damu hiyo.

Wembe mmoja wa nyumba nzima

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Katika nyumba nyingi za mtaani kuna wembe mmoja. Hukaa juu ya ukingo wa dirisha la choo, au umechomekwa katika karatasi yake nyuma ya kioo. Baba huunyolea. Mama huufumulia mshono. Kaka huupitisha shingoni. Mtoto huuchongea penseli yake, na kabla ya kulala hukatiwa kucha kwa wembe ule ule. Hakuna aonaye ubaya, kwa sababu wote ni damu moja.

Maradhi hayaujui udugu. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa katika damu, na chembe ya damu isiyoonekana kwa macho yatosha kuvihamisha. Virusi hivyo vyaweza kuishi nje ya mwili, juu ya kitu kikavu, siku saba na zaidi. Mtu aweza kuwa navyo miaka mingi bila kuhisi chochote, huku ini lake likiharibika polepole. Huyu hana dalili ya kumwonya mkewe, wala ya kumwonya mwanawe. Virusi vya UKIMWI ni dhaifu zaidi nje ya mwili, lakini navyo ni katika sababu za kutoshirikiana wembe.

Watoto wa Kenya walianza kupewa chanjo ya homa ya ini B pamoja na chanjo zao za utotoni mwaka 2001. Kwa hiyo wengi wa waliozaliwa kabla ya hapo, yaani akina baba na akina mama wa leo, hawakuchanjwa utotoni. Kipimo chake ni cha damu, na chanjo ya mtu mzima ipo, kwa kawaida hutolewa mara tatu. Twawasihi wanaotaka kuoana, na walio katika ndoa, wapime pamoja bila ya kushukiana, kwani kupata maradhi haya hakumaanishi kwamba mtu amekwenda kombo.

Basi kanuni ya nyumba iwe moja: kila mtu na wembe wake. Pakiti moja ya nyembe kumi yatosha watu watano kwa nyembe mbili mbili. Kinyoleo kiwe cha mtu mmoja. Brashi iwe ya mtu mmoja. Kucha zikatwe kwa mkasi wake, penseli ipewe kichongeo chake, na mshono ufumuliwe kwa wembe ambao haujagusa ngozi. Na ukienda kwa kinyozi, dai wembe utolewe katika karatasi mbele ya macho yako. Usione haya. Kinyozi mwema hakasiriki, na anayekasirika amekwisha kukujibu.

Nyembe zilizotumika nazo zina adabu yake. Twajua watoto waliokanyaga wembe uani, na akina mama waliokatwa mikono walipokuwa wakizoa taka. Chukua mkopo wa maziwa ya unga, uuzibe kifuniko chake kwa utepe, uupasue mwanya mwembamba, na kila wembe uliokwisha uutie humo. Mkopo mmoja huchukua nyembe za miaka mingi. Kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani. Basi tusiwe sisi ndio tunaokiweka.

Kichwa cha mtoto mchanga na kichwa cha hujaji

Kuna nyakati mbili ambazo kunyoa ni ibada. Ya kwanza ni siku ya saba ya mtoto, anaponyolewa nywele zake na ikatolewa sadaka ya fedha kwa uzani wake. Nywele zenyewe hazizidi gramu chache, na sadaka hiyo haimshindi mtu. Wembe uwe mpya kabisa, kichwa kiloweshwe kwa maji ya uvuguvugu na povu, na pale utosini, ambapo mfupa haujafunga, mkono uwe mwepesi mno. Kichwa kinyolewe chote, kwani imekatazwa kunyoa sehemu na kuacha sehemu.

Ya pili ni Hija na Umra. Bwana Mtume (S.A.W.) aliwaombea dua mara tatu walionyoa, na mara moja waliopunguza, na alipokuwa akinyolewa alianza kwa upande wa kulia. Siku hiyo watu wengi mno hutaka kunyolewa kwa wakati mmoja, na wapo vinyozi wa njiani wanaopita kichwa baada ya kichwa kwa wembe mmoja. Wakuu wa afya wa Saudi Arabia huwaonya mahujaji juu ya jambo hili kila mwaka. Hujaji wetu atie nyembe mpya katika mzigo wake mkubwa, si wa mkononi kwani uwanja wa ndege watauchukua, na ampe kinyozi wembe wake mwenyewe. Na ambaye hatakwenda Hija lakini amenuia kuchinja udhhiya, akumbuke kuuweka wembe chini tangu kuandama kwa mwezi wa Dhulhija mpaka achinje.

Mtoto akililia wembe

Imebaki methali ya pili. Wahenga walimaanisha kwamba mkaidi aachwe afunzwe na jeraha. Methali ni njema kwa mkaidi, lakini mwanao wa miaka kumi na minne si mkaidi. Ameota masharubu membamba, anajitazama kiooni mlango ukiwa umefungwa, na hajui amuulize nani. Baba akinyamaza, atamuuliza mwenziwe bwenini, na mwenziwe atamwazima wembe wake.

Baba, muite. Mpe kinyoleo chake, brashi yake na sabuni yake. Mwonyeshe bila wembe kwanza, apake povu na apitishe kinyoleo kitupu mpaka mkono uzoee. Kisha mtilie wembe, usimame karibu naye. Na huku povu likiwa usoni, ambapo hawezi kukukimbia, mweleze habari nyingine ambazo umezionea haya: kubaleghe ni nini, josho la wajibu huogwa vipi, zile siku arobaini zahusu nywele zipi, na kwa nini haazimi wembe wake hata kwa rafiki ampendaye. Mazungumzo yaliyo mazito barazani huwa mepesi mbele ya kioo. Mtoto asiye na baba, ami yake au mjomba wake asimame mahali hapo. Na binti naye ana mama yake na somo wake, nao wamweleze yanayomhusu kwa adabu ile ile na tahadhari ile ile, na wembe wake uwe wake.

Vitu hivi vyote, kinyoleo, brashi ya nyuzi, sabuni, kipande cha shabu na pakiti ya nyembe, hununuliwa mara moja na hudumu. Mwenye uwezo wa kimoja tu kwa wiki hii, aanze na pakiti ya nyembe, awagawie watu wa nyumbani kwake leo kabla ya Magharibi, na ule wembe wa dirishani autie mkoponi.

Wabillahi tawfiq.